Asidi ya Asetiki: Kemikali Inayobabua na Kuwaka

Asidi ya asetiki ndiyo inayoipa siki ukali wake. Katika chupa ya siki ya mezani asidi hiyo ni asilimia 4 hadi 6 tu. Kilichobaki karibu chote ni maji. Viwandani huletwa ikiwa karibu tupu, asilimia 99 na zaidi, ndani ya madumu ya plastiki ya kilo 30 na ushee au mapipa ya lita 200. Hapo ni kimiminika kisicho na rangi, kizito kidogo kuliko maji: lita moja ina kilo 1.05. Huchemka kwenye nyuzi 118 za Selsiasi, na baridi ikishuka chini ya nyuzi 16.6 huganda ikawa fuwele nyeupe kama barafu. Huchanganyika na maji kwa kiasi chochote. Harufu yake ni ile ile ya siki, ila imezidi hadi kukata pumzi, na mazoea ya harufu hiyo ndiyo yanayoponza wengi. Pua humpeleka mtu jikoni, kumbe dumu lililo mbele yake lina kitu cha kubabua ngozi mpaka nyama, na chenye kushika moto.

Siki ya kiasili hutokana na bakteria wanaogeuza pombe kuwa asidi. Sehemu kubwa ya asidi ya viwandani hutengenezwa kwa njia nyingine, kwa kuunganisha methanoli na gesi ya monoksidi ya kaboni. Kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuitumia njia hiyo kibiashara mwaka 1960, na Monsanto ya Marekani ikaiboresha mwaka 1970 kwa kichocheo cha madini ya rodiamu. Dunia hutumia mamilioni ya tani kila mwaka. Gundi nyeupe ya mafundi seremala, chupa za plastiki za maji, vitambaa vya poliesta, vichungi vya sigara na viyeyushi vya rangi, vyote vina mkono wa asidi hii mahali fulani katika utengenezaji wake.

Afrika Mashariki huikuta zaidi kwenye viwanda vya nguo, ambako husawazisha maji ya kutilia rangi na kuondoa magadi yaliyobaki kwenye kitambaa. Watengenezaji wa siki nyeupe ya bei nafuu huizimua kwa maji na kuitia chupani. Maabara za shule na vyuo huwa nayo. Na kuna sehemu moja ambayo watu wengi hawaifikirii: kliniki za uzazi. Uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi unaofanywa katika vituo vingi vya afya vya Tanzania, Kenya na Uganda hutumia asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5. Mhudumu huipaka kwenye mlango wa kizazi, na baada ya dakika moja hivi, sehemu yenye seli zisizo za kawaida hugeuka nyeupe. Kipimo hiki ni cha bei ndogo na kimesaidia wanawake wengi, lakini kinategemea jambo moja ambalo halina mzaha: asidi iwe imezimuliwa sawasawa. Miongozo ya kimataifa ya kazi hii inaonya kwamba asidi isiyozimuliwa ikipakwa huunguza vibaya utando wa ndani.

Vitabu vya kemia huiita asidi dhaifu, na jina hilo limewapotosha wanafunzi wengi. Udhaifu unaosemwa ni wa aina maalumu: ikiwa ndani ya maji, ni molekuli chache tu zinazoachia ioni za haidrojeni. Hilo halihusiani na usalama wake. Zile molekuli nyingi zisizovunjika hupenya kwenye mafuta ya ngozi kwa urahisi, kisha hufanyia kazi ndani. Ndiyo maana jeraha lake lina ujanja. Tone la asidi ya salfuriki humshtua mtu papo hapo. Tone la asidi ya asetiki linaweza kuwasha kidogo tu mwanzoni, mtu akalifuta kwa kitambaa na kuendelea na kazi. Wekundu na malengelenge huja baadaye, pengine baada ya nusu saa, pengine baada ya saa kadhaa. Likipita kwenye glavu yenye tundu, au likinywewa na kiatu cha ngozi au kitambaa cha suruali, hukaa hapo likila polepole.

Macho ndiyo yaliyo hatarini zaidi. Mruko mdogo wa asidi tupu unaweza kutia ukungu wa kudumu kwenye kioo cha jicho. Mvuke nao huchoma pua, koo na mapafu. Sheria za Marekani zinaweka kikomo cha sehemu 10 kwa kila milioni ya hewa kwa siku nzima ya kazi, na sehemu 50 huhesabiwa kuwa kiwango kinachotishia maisha au afya moja kwa moja. Kwenye nyuzi 20, hewa iliyogusana na asidi ndani ya chombo hubeba mvuke kiasi cha sehemu 15,000 kwa milioni. Kwa hiyo ndoo iliyoachwa wazi kwenye stoo isiyo na dirisha haihitaji muda mrefu kukigeuza chumba kisikalike. Bahati njema ni kwamba pua huinusa hata ikiwa chini ya sehemu moja kwa milioni. Mfanyakazi aliyezoea kufanya kazi machozi yakimtoka amekwisha kuonywa. Kilichobaki ni msimamizi wake kusikia.

Kuinywa ni balaa ya aina yake. Asidi huunguza mdomo, koo na tumbo, kisha ikiingia mwilini huvunja chembe nyekundu za damu, na mabaki yake huziba figo. Katika nchi zilizokuwa za Umoja wa Kisovyeti, ambako siki huuzwa pia kama maji makali ya asilimia 70 ya kwenda kuzimuliwa nyumbani, sumu ya namna hii inafahamika vizuri hospitalini. Wengine walikunywa kwa kukusudia, wengine kwa kudhani ni maji. Dumu la asidi tupu likipimiwa kwenye chupa za soda hutengeneza mazingira hayo hayo popote duniani.

Upande wa moto hutajwa kidogo, pengine kwa sababu watu hawajawahi kuona siki ikiwaka. Asidi tupu hutoa mvuke wa kutosha kushika moto inapofika nyuzi 39. Sababu inaeleweka kwa hesabu fupi. Mvuke wake huwaka ukiwa angalau asilimia 4 ya hewa. Kwenye nyuzi 20 asidi haiwezi kutoa zaidi ya asilimia 1.5, hivyo kiberiti kikipita juu yake hakitawasha kitu. Joto likipanda hadi karibu nyuzi 40, mvuke huvuka ile asilimia 4. Ulaya, ambako vitabu vingi vya usalama huandikwa, nyuzi 39 ni joto la siku chache sana za mwaka. Kwa Garissa au Muscat joto hilo si geni kwenye msimu wake. Hata Dar es Salaam, ambako kivulini ni nyuzi 32 au 33, dumu lililoachwa juani au ghala la bati lisilo na matundu ya hewa hufika hapo mchana bila shida. Kwa maneno mengine, kemikali ambayo kwingine huwekwa pamoja na vitu vinavyobabua, hapa sharti itunzwe pia kama mafuta ya taa.

Mvuke huo una uzito wa mara mbili ya hewa. Hautoki juu kwa dirisha. Hutambaa sakafuni, ukashuka kwenye mtaro au chini ya mlango hadi ulipo moto: jiko la mama lishe, mashine ya kuchomelea, swichi inayotoa cheche. Moto wake ni wa buluu hafifu, na kwenye jua kali huenda usionekane mpaka mtu aukaribie.

Kuna njia nyingine ya moto inayopitia kwenye vyuma. Asidi ya asetiki hula chuma cha kawaida na zinki, na inapokula hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo huwaka kwa cheche ndogo kabisa. Kwa hiyo haihifadhiwi kwenye pipa la chuma tupu wala ndoo ya bati. Plastiki ngumu ya polithini inafaa, kadhalika kioo, na kwa matangi na mabomba hutumika chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Ghala linalovujisha mvuke hujitangaza lenyewe: misumari ya paa huvimba kutu, mabati hupoteza mng'ao kuanzia kwenye maungio, na nyaya za shaba kwenye soketi huota unga wa kijani unaoelekea buluu. Mkaguzi mzuri huangalia soketi kabla ya kuomba daftari.

Dumu halisi lina alama mbili za umbo la almasi. Moja ni nyeusi na nyeupe, inaonyesha kimiminika kikidondokea mkono na kipande cha chuma. Hiyo ni ya kubabua. Ya pili ni nyekundu yenye mwali wa moto. Kando yake huandikwa namba ya Umoja wa Mataifa, UN 2789, ambayo ni ya asidi ya zaidi ya asilimia 80. Ikiwa kati ya asilimia 10 na 80, namba hubadilika kuwa UN 2790, na ile almasi nyekundu huondoka, kwa kuwa maji yaliyomo yameshapandisha joto la kuwaka. Huu ndio mlango wa usalama unaosahauliwa. Kiwanda cha kutia rangi nguo ambacho mwisho wa siku kinatumia myeyusho hafifu hakina sababu kubwa ya kuhifadhi asidi ya asilimia 99. Kikinunua ya asilimia 80 au pungufu kitalipia usafiri wa maji kidogo, na hatari ya moto itakuwa imepungua sana kabla ya mtu yeyote kuvaa glavu. Kubabua kunabaki pale pale.

Asidi iliyozimuliwa hivyo huondoa pia usumbufu wa kuganda. Asilimia 80 haigandi hata kwenye baridi ya sifuri. Asidi tupu huganda kila mwaka Njombe, Makete, Limuru na Nyandarua, mwezi Juni na Julai, na hapo ndipo ubunifu wa hatari huanza. Mtu huona dumu limekuwa jiwe, kazi inasubiri, akalisogeza karibu na jiko la mkaa. Nje panaweza kuwa na baridi ya nyuzi 10, lakini plastiki iliyo upande wa moto huvuka nyuzi 39 mapema na mvuke ukatoka kuelekea kwenye makaa. Njia ya kufaa ni ya polepole: chumba chenye joto la kawaida, au beseni la maji ya uvuguvugu mbali na moto wowote, na kusubiri yote iyeyuke. Kumimina ile sehemu iliyoyeyuka kwanza ni kosa pia. Asidi inapoganda, maji kidogo yaliyomo hubaki kwenye kimiminika na fuwele huwa safi zaidi, kwa hiyo nusu ya kwanza na nusu ya pili ya dumu hilo hazitakuwa na ukali mmoja.

Jirani za asidi hii ghalani zinahitaji kuchaguliwa. Haiwekwi pamoja na vitu vinavyotoa oksijeni kwa nguvu: asidi ya nitriki, asidi ya kromiki, pamanganeti ya potasiamu, hidrojeni peroksaidi. Ikichanganyika na hiyo ya mwisho hutoa asidi ya perasetiki, ambayo ikiwa kali inaweza kulipuka. Mwaka 1947, mwezi Februari, karakana moja ya kung'arisha metali jijini Los Angeles ililipuka na kuua watu 17. Ndani ya tangi kulikuwa na asidi ya pakloriki iliyochanganywa na anhidridi ya asetiki, ndugu wa karibu wa asidi hii. Magadi makali ya sodiamu hidroksaidi nayo huwekwa mbali, kwa sababu vikikutana hupandisha joto ghafla na kuruka. Na ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe inayokaa kwenye kila stoo ya usafi, Jik na wenzake, ikiguswa na asidi yoyote hutoa gesi ya klorini. Watu wanaosafisha sakafu kwa kuchanganya vimiminika vya chupa mbili ili "ing'ae zaidi" wamekwisha kuivuta gesi hiyo bila kujua jina lake.

Ghala lenyewe liwe na kivuli, hewa inayopita juu na chini, na sakafu yenye ukingo wa kuzuia kilichomwagika kisikimbie. Zege tupu haifai, maana asidi huila chokaa iliyomo. Hupakwa rangi ya epoksi au hutandikwa vigae vinavyostahimili asidi. Madumu hayapangwi juu kupita kifua cha mtu.

Ajali nyingi hutokea wakati wa kuhamisha asidi kutoka chombo kimoja hadi kingine. Dumu jipya likiinamishwa hovyo hubana hewa, likakohoa, na asidi ikaruka usoni. Pampu ya mkono ya plastiki huondoa tatizo hilo kwa gharama ndogo. Kuvuta kwa mdomo kupitia mpira, kama wafanyavyo baadhi ya madereva kwa petroli, hakuna nafasi hapa. Glavu ziwe za mpira wa butili au neoprini. Zile nyembamba za hospitali hupitisha asidi tupu upesi kuliko watu wanavyodhani, na za ngozi ni mbaya zaidi kwani hunyonya. Miwani iwe ya kuziba pande zote, pamoja na kioo cha uso panapokuwa na hatari ya kuruka. Aproni ya plastiki ishuke hadi chini ya mdomo wa buti, na suruali ivaliwe nje ya buti, isichomekwe ndani. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Kinachofaa ni kifaa cha kupumulia chenye chujio la mvuke wa asidi na viyeyushi.

Kuzimua hufanywa kwa kutia asidi kwenye maji, si maji kwenye asidi. Asidi ya asetiki haipandishi joto sana ikikutana na maji, tofauti na ya salfuriki, lakini mkono uliozoea utaratibu mmoja kwa asidi zote hausahau siku ya asidi nyingine. Kwa kliniki hesabu ni mililita 5 za asidi tupu ndani ya mililita 95 za maji yaliyokenekwa, kupata asilimia 5. Hutengenezwa kidogo kidogo, hubandikwa lebo yenye ukali na tarehe, na chupa ya asidi tupu haikai kwenye chumba cha uchunguzi. Agizo hili la mwisho ndilo kinga kubwa kuliko zote: kosa haliwezi kutokea kwa chupa ambayo haipo.

Kwenye viwanda vikubwa hatari hubadilika sura, kwa kuwa asidi hupita kwenye mabomba ikiwa ya moto na yenye shinikizo. Tarehe 27 Julai 2021, katika kiwanda cha LyondellBasell huko La Porte, Texas, mafundi wa mkandarasi walikuwa wakiondoa kifaa kinachozungusha valvu ya bomba. Katika kufungua nati walifungua na zile zilizoshikilia kifuniko cha valvu yenyewe. Shinikizo likakirusha kilichokuwa ndani, na makumi ya tani za mchanganyiko wa asidi ya asetiki, wenye joto la zaidi ya nyuzi 100, zikafumka. Wafanyakazi wawili walifariki, wengine wawili waliumia vibaya, na zaidi ya ishirini walipelekwa kuangaliwa hospitalini. Bodi ya uchunguzi wa ajali za kemikali ya Marekani ilieleza kwamba mafundi hawakuwa na maelekezo ya maandishi ya kazi ile, wala valvu haikuwa na alama ya kutofautisha nati za kufungua na zisizofunguliwa. Spana ilipoguswa, bomba lilikuwa limejaa.

Asidi ikimwagika, jambo la kwanza ni kuondoa watu na kuzima kila chanzo cha moto. Mtaro huzibwa kwa mchanga. Vumbi la mbao halitumiki, kwani ni kuni zilizolowekwa mafuta. Kumwagika kidogo hutulizwa kwa magadi soda, na hapa Afrika Mashariki ina utajiri wake, kwa vile ziwa Magadi nchini Kenya limekuwa likitoa bidhaa hiyo kwa zaidi ya miaka mia moja. Lita moja ya asidi tupu huhitaji takribani kilo moja ya soda hiyo. Hunyunyizwa kuanzia kingoni kuelekea katikati, polepole, maana povu la kabonidioksaidi hufurika. Povu likikoma, kilichobaki ni chumvi isiyo na madhara makubwa. Moto ukishika, unga mkavu, kabonidioksaidi na povu linalostahimili alkoholi hufaa. Maji ya kunyunyiza husaidia pia kwa kupoza madumu na kuzimua asidi. Nchini Tanzania Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114, na askari waambiwe mapema ni kemikali gani inayowaka.

Aliyemwagikiwa huvuliwa nguo na viatu mara moja, bila haya, huku maji yakiwa tayari yanamiminika. Anaoshwa kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi. Jicho huoshwa kope zikiwa zimeshikwa wazi, maji yakielekea nje mbali na jicho la pili. Dawa ya meno, asali, mafuta ya kupikia na ute wa yai, ambavyo kila nyumba inavyo kwa ajili ya kuungua, hufungia asidi kwenye ngozi. Magadi yaliyofaa sakafuni hayapakwi mwilini, kwani joto la kupambana kwake na asidi huongeza jeraha. Aliyekunywa hatapishwi, maana koo litaungua mara ya pili. Husuuza mdomo na kukimbizwa hospitali. Aliyevuta mvuke mwingi huangaliwa na daktari hata akijisikia vizuri, kwa sababu mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye.

Tanzania ina Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Anayeingiza, kuhifadhi au kuuza kemikali kama hizi hutakiwa kusajiliwa. Kenya hutegemea Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, ambayo inamtaka mwajiri awe na lebo kwenye vyombo na karatasi ya taarifa za usalama kwa kila kemikali. Karatasi hiyo mara nyingi huja kwa Kiingereza na kufungiwa kwenye kabati la ofisi, mbali na mtu anayeshika dumu.

Dumu lililokwisha ndilo linalosafiri mbali kuliko yote. Ni gumu, lina mpini, na sokoni lina bei. Kesho yake huonekana kwenye foleni ya maji au limejazwa mafuta ya taa. Matone yaliyobaki chini yake na mvuke uliomo vinatosha kuunguza, na ukikutana na moto wa kulehemu, kulipuka. Chombo kama hicho husuuzwa mara tatu kwa maji, maji hayo yakatulizwa kwa magadi kabla ya kumwagwa, lebo ikabanduliwa, kisha likatobolewa chini ili lisichotewe tena maji.